Saa Haikuandikwa Chini ya Jina Lake

"Mwiza, ongeza sauti. Mukwe wangu anapita."

Muzee Havugimana alimwambia hivyo binti yake Umwiza bila kuondoa macho kwenye televisheni. Sebuleni viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa kandokando ya ukuta. Sita vilikaliwa na watu wa ukoo wa Umwiza, waliotoka Rutshuru asubuhi. Sita vilikuwa vitupu. Hivyo vilikuwa vya familia ya Prodige Kataliko, ambao walitakiwa kufika saa nane kuja kujitambulisha na kumposa binti. Sasa ilikuwa saa kumi. Mvua ilikuwa ikipiga mabati tangu adhuhuri, na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilishapashwa moto mara mbili.

Kwenye skrini ngoma ya saa kamili ililia, ramani ya dunia ikazunguka, utepe mwekundu ukajikunjua na maneno yakaanza kutambaa chini. Muzee aliijua ratiba ya chaneli ile ya kimataifa kama padri anavyoijua misa. Habari kubwa saa kamili, muhtasari nusu saa, michezo inapobaki robo. Dawa yake ya presha aliimeza wakati wa hali ya hewa. Saa ya chaneli, kwenye utepe wa chini, ilikuwa nyuma ya Goma kwa saa mbili, naye aliziongeza kichwani bila hata kufikiri.

Prodige akatokea. Shati la bluu, kipaza sauti mkono wa kulia, daftari mkono wa kushoto, na nyuma yake mlima Nyiragongo uking'aa. Chini yake iliandikwa jina lake na neno Kibati, mahali nje kidogo ya Goma. Alikuwa akieleza kwamba hali imetulia baada ya vita na wakulima wameanza kurudi mashambani.

"Mukwe wa televisheni," alisema shangazi Marcelline, akijipepea kwa sahani. "Sura yake tunaiona kila siku. Miguu yake bado sijaiona."

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza, mwezi wa sita, Prodige aliitwa kazini ghafla siku ileile ya posa, na ukoo mzima ukamwona akiongea na dunia. Muzee alisimama akapiga makofi. Alisema kama dunia nzima inamngoja kijana, wao ni nani wasimngoje? Mara ya pili, mwezi wa nane, alipiga makofi akiwa ameketi. Leo mikono yake ilibaki magotini.

Simu ya Umwiza ikatetemeka.

"Cheri, angalieni chaneli. Niko direct kutoka Kibati, bosi amekataa kuniachia. Familia yangu imehuzunika sana. Uniombee radhi kwa baba. Nakupenda kupita maneno."

Umwiza alisoma, akainua macho amtazame mpenzi wake kwa huruma, kama alivyofanya mara mbili zilizopita. Ndipo akaliona jua. Lilikuwa limemwagika begani kwa Prodige, na kivuli chake kilikuwa kimelala chini, kirefu. Juu ya kichwa cha Umwiza mabati yalikuwa yakinguruma kwa mvua.

Akajiambia labda Kibati hakunyeshi. Akatazama kona ya juu.

Miaka miwili nyuma, Umwiza alikuwa amemaliza chuo kwa kuandika kazi kuhusu sura na ratiba za chaneli za habari za kimataifa. Siku ya kuitetea, mwalimu mmoja alimuuliza hiyo itamsaidia nini mutu wa Goma, naye akakosa jibu. Prodige ndiye aliyekuwa msaada wake. Jioni nyingi walikaa mbele ya skrini na kalamu, wakihesabu habari moja inarudiwa mara ngapi kwa siku, mpaka hesabu ikawa kisingizio cha kukaa pamoja. Yeye ndiye aliyemfundisha: "Ukiona neno direct kwenye kona, na saa imeandikwa chini ya jina la mahali, ujue mutu yuko pale, anaongea sasa. Vikitoka vyote viwili, unaangalia kitu cha zamani." Umwiza aliliandika hilo kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Prodige alipopewa kitabu cha kazi hiyo alisoma ukurasa wa shukrani tu, ule wenye jina lake.

Kona ilikuwa tupu. Chini ya neno Kibati hapakuwa na saa.

Alipiga simu palepale, akiwa amesimama kati ya viti. Prodige akapokea, akinong'ona.

"Cheri, siwezi kuongea. Niko mbele ya kamera."

Kwenye skrini bado alikuwa akieleza habari za wakulima.

"Mkono wa kulia una kipaza sauti," Umwiza alisema polepole. "Wa kushoto una daftari. Simu unaishika kwa mkono gani?"

Papo hapo simu ikakatwa.

Shangazi Marcelline alikuwa amesikia. Alichukua koti lake la mvua ukutani akamvika. Muzee akauliza binti anaenda wapi, na shangazi akamjibu kwamba anaenda kuwaleta wageni.

Mpaka Himbi, mtaa wa Prodige, kwa pikipiki, mvua ikimchapa usoni, Umwiza alikuwa bado akimtetea moyoni. Labda mgonjwa. Labda hana nauli ya kuwaleta jamaa zake kutoka Butembo, akaona aibu. Angemsamehe lolote kati ya hayo kabla hajafika mlangoni.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mnene, mwenye ungo wa maharagwe mkononi.

"Karibu, mutoto wangu. Umelowa namna hii! Wewe ni wa nani?"

"Shikamoo, mama. Namtafuta Prodige."

"Mwanangu huyo. Yuko nyuma, anafuta kamera yake." Akacheka, akaonyesha televisheni iliyokuwa ikiwaka ukutani. "Huyo wa pale ni wa juzi, usidanganyike. Mimi Mama Apolline. Nina wiki ya pili hapa, nilikuja kutibiwa macho. Keti, nikuletee chai."

Umwiza hakuketi. Aliuliza kama mama alikuwa na safari leo mchana. Mama Apolline akasema safari gani, kwa macho haya? Tangu asubuhi alikuwa anachambua maharagwe.

Prodige aliingia kwa mlango wa nyuma, kitambaa mkononi. Alipomwona Umwiza alimwomba kwa sauti ya chini watoke nje wakaongee.

"Tuongee hapa," Umwiza alisema. "Kule nyumbani kuna viti sita. Watu wa Rutshuru wamekuja mara tatu."

"Mara mbili za kwanza nilikuwa direct kweli. Naapa."

"Najua. Leo?"

Alitazama chini. Aliposema, alisema haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. "Mama asingekubali. Wewe unajua namna gani watu wetu wa Butembo wanasema juu ya mutu anayeongea Kinyarwanda kama ninyi. Nilikuwa nakulinda usidharauliwe."

Ungo wa maharagwe uliwekwa chini.

"Prodige," alisema Mama Apolline, "nani aliniuliza?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe. Ni siku gani ulikuja kwangu ukasema, mama, kuna binti? Miaka makumi mbili nilinunua maharagwe Rutshuru. Wakati malori yalikwama Kiwanja, nililala kwa wamama wanaoongea hicho Kinyarwanda, wakanipa na blanketi. Wewe unaenda kujificha nyuma ya jina langu?"

Ukutani, yule Prodige wa kwenye skrini alikuwa akiendelea kueleza habari za wakulima.

Umwiza alimsogelea mpenzi wake. Alitamani kijana aseme uongo mwingine, mzuri zaidi, ili yeye auamini.

"Basi ni wewe," alisema.

"Ni mimi," Prodige alikubali, machozi yakimlenga. "Siku hizi kazini, mtaani, kila mutu anauliza uko upande gani. Niliwaza, wakijua nimeoa wapi, watasemaje? Nilitaka tungoje kidogo. Mpaka hali itulie."

"Umeiambia dunia nzima sasa hivi kwamba imetulia."

Prodige akaomba nusu saa tu. Angevaa suti, angekuja na mama, angepiga magoti mbele ya muzee. Alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, na Umwiza aliujua kila kidole.

"Ungekuja saa nane, hata peke yako, hata na kandambili, ningekupokea," alisema. "Ukija sasa, utakuja kwa sababu nimekukamata."

Akautoa mkono wake. Mama Apolline alikuwa ameshaingia chumbani, na alipotoka alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake.

"Mama, unaenda wapi?" Prodige aliuliza.

"Kwa watu walioningoja mara tatu bila mimi kujua. Wewe baki na kamera yako."

Walifika wakati ngoma ya saa kumi na moja inalia. Mama Apolline alivua viatu vilivyolowa, akasalimu kila mtu kwa mkono, akaketi kwenye kimoja cha vile viti sita. Muzee Havugimana aliuliza kwa upole kijana yuko wapi.

"Yuko nyumbani, muzee. Hakuna kamera iliyomzuia. Ni woga tu. Sikuja kuposa, binti yenu amekataa, na ana haki. Nimekuja kuomba radhi, kwa sababu mutoto ni wangu, na sombe yenu imepoa."

Kwenye skrini Prodige alikuwa ametokea tena, jua begani, wakulima wakirudi mashambani. Muzee alimtazama mpaka mwisho, kama anayetafuta kitu alichokosa kukiona mara zote. Kisha akachukua rimoti akazima. Katika nyumba ile televisheni ilikuwa ikizimwa na kukatika kwa umeme tu. Watoto wa ndugu wakatazamana.

"Marcelline," alisema, "umpe mugeni chakula."

Shangazi alipakua sombe na samaki mkubwa kuliko wote. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na neno la utani.

Umwiza hakula. Viti vile vilikuwa vya kuazimwa kwa jirani, na vitano havikuwa na mtu. Mvua ilikuwa imekatika. Alibeba viwili, akarudi, akabeba vingine viwili. Alipoinama kuchukua cha tano, simu ikatetemeka.

"Cheri, niko njiani."

Aliisoma mara moja. Akaiweka simu mfukoni, akainua kiti, akatoka nacho. Hakuitazama barabara.