Miisho Kumi na Mmoja ya Ishaq

Siku hiyo ya soko Mwanamisi alikuwa ameingia kati ya watu kutafuta wino wa printa, si kutafuta mpenzi. Hilo lijulikane mapema. Alivaa dera la kijani na mtandio wa rangi ya ndizi mbivu, mkoba umebanwa kwapani kwa sababu soko la Kakamega lina mikono mingi. Alipofika kwenye meza ya Teresa, yule mama anayeuza pasi za mitumba, redio na chaja zilizoshikana kama matumbo, akaona kidude cha gemu cha vioo viwili chenye herufi za Kijapani. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukafika pamoja na wake.

"Dada, hiyo ni yangu. Nimeiona tangu kule kwa viazi."

"Kuona si kununua."

Teresa akawatazama kwa zamu. "Mnagombania kikokotoo? Aliyeniletea alisema hiyo wanahesabianga mahindi."

Kijana alicheka. Alikuwa mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, fulana nyeusi imeandikwa Kijapani kifuani na kandambili miguuni. Akachomoa kadi ya mchezo iliyokuwa ndani, akaiangalia, uso ukamshuka.

"Aa. Ni ya hadithi. Ile ya kubonyeza, kusoma, kubonyeza, kulia."

"Na wewe ni wa ile ya kuua vidudu mia mbili ndipo upewe kisu?"

Hapo ndipo kijana alipomtazama sawasawa. "Unaijua?"

"Naijua na siipendi. Shujaa ni yatima, amesahau jina lake, kijiji chao kimechomwa. Akianza kupigana, adui anasimama angoje zamu yake kama mtu aliye kwa kinyozi."

"Hiyo ni heshima, dada. Hivyo ni vita vya watu waliolelewa." Akamsogezea kidude. "Chukua. Lakini ukifika mwisho, uniambie. Naitwa Ishaq. Nina banda la gemu nyuma ya steji."

"Asalaam aleikum, Ishaq. Ungeanzia hapo."

Mwanamisi alikuwa mtu wa Matungu. Mjini alifanya kazi kwenye saiba pamoja na rafiki yake Phoebe, akichora kadi za harusi na vijitabu vya mazishi kwenye kompyuta. Miaka miwili kabla alichora kadi zake mwenyewe, mia tatu, zenye maua pembeni. Wiki ya harusi bwana harusi, Abdulnasir, akaenda Eldoret kununua suti. Mpaka leo ananunua. Tangu hapo Mwanamisi akapenda michezo ya hadithi, kwa sababu mle ndani mtu akikuacha unaweza kurudi nyuma uone ni neno gani lilimfukuza.

Siku ile walipeana namba, na simu ya Ishaq ikaanza kuja kila jioni, saa ya chai.

"Kitendawili."

"Tega, bwana."

"Nimekufa mara arobaini na sina kaburi."

"Paka."

"Paka hafiki huko. Nipe mji."

"Chukua Mumias."

"Nimefika Mumias, nimekaribishwa kwa biriani, nimefungiwa na miwa ya njiani. Jibu ni mimi, kwa lile joka la jana. Linanimaliza, nami narudi pale nilipohifadhi."

"Umehifadhi ujinga, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila ruhusa. Upande wa pili akasikia mtu akicheka polepole kama anayeonja asali.

Walibishana miezi miwili, na ubishi wenyewe ukawa ndio mapenzi. Ishaq alisema mchezo mzuri ni ule unaokuchosha, kwa sababu safari ya saa sitini ndiyo inakufanya uwapende watu uliotembea nao. Mwanamisi alisema, "Kwako unaokoa dunia nzima na hujui jirani anaitwa nani. Kwangu ukikosea neno moja tu mezani, umempoteza mtu."

"Kwangu nikishindwa naongeza nguvu, narudi."

"Mtu si joka, Ishaq."

Wakati huo wote alikuwa akiusoma ule mchezo wa sokoni, simu ikimtafsiria ukurasa kwa ukurasa. Ulikuwa wa msichana anayemngoja mtu kwenye kituo cha treni. Alipofika uamuzi wa mwisho, kidole kikagoma. Basi Ijumaa moja akamtumia Ishaq ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Akaanza kwa kusema, "Hii ni ya masikio yako peke yako." Humo alieleza yote: kadi mia tatu, hina aliyopakwa kwa ajili ya mtu aliye njiani kukimbia, na kwa nini hawezi kubonyeza. Mchezo ulitaka msichana aendelee kungoja. Yeye Mwanamisi alitaka akichome kituo.

Jumamosi Ishaq hakupiga simu. Jumatatu Phoebe aliingia saibani akaweka mkoba polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwana, keti kwanza."

"Nimeketi."

"Juzi nilikuwa kwa banda la Ishaq. Unajua Jumamosi watu hukaa pale kubishana juu ya gemu. Sauti yako ilitoka kwa spika. Ile kubwa ya ukutani. Tulikuwa watu kama thelathini."

"Sauti gani?"

"Ya suti. Ya hina."

Printa ilikuwa ikitoa kadi za harusi ya watu, moja baada ya nyingine.

"Na Ishaq?"

Phoebe akatazama sakafu. "Alicheka, Mwana. Niliona na macho yangu."

Mwanamisi hakulia, na hakupiga simu kuuliza. Alimzuia Ishaq kwenye simu, akafunga mlango wa saiba, kisha akafungua kompyuta. Wako wanaorusha mawe na wako wanaokwenda kwa waganga. Yeye alijua kuchora na kuandika, basi akaanza kutengeneza mchezo wa hadithi.

Ilimchukua miezi mitatu. Aliuita *Mwenye Banda*. Mchezaji anakuwa kijana mmoja aitwaye Isiaka, mrefu, fulana nyeusi, ndevu za kuchonga, aliyetangaza siri ya msichana wa dera la kijani. Kila hatua unachagua afanye nini, na kila ukichagua anaangamia kwa njia nyingine. Kwenye mwisho wa tatu fahali wa mapigano wa Khayega anamkimbiza mpaka anapanda nguzo ya stima na kulala huko. Kwenye wa tano nyani wa msitu wa Buyangu wanamvua suruali mbele ya watalii. Wa nane anakwenda kuposa Khwisero, anapewa obusuma, ugali mkavu, na ingokho, yule kuku wa wageni, anapitishwa mlangoni akiwa mzima, amwone tu, kisha anarudishwa kibandani. Miisho kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wenye huruma. Mwanamisi alikuwa akicheka peke yake akichora, kicheko cha mdomo uliofungwa.

Akaurusha kwenye makundi ya simu. Kufikia wiki ya pili mji mzima ulikuwa nao. Waendesha boda walimpungia Ishaq: "Bwana Spika, suruali umerudishiwa?" Wateja wakaja kumtazama, si kucheza. Kila Phoebe alipoleta habari, Mwanamisi alisema, "Endelea," na kumwongezea chai.

Mpaka siku Phoebe alipoleta habari ya namna nyingine.

"Anaucheza."

"Nani?"

"Ishaq mwenyewe. Kwa ile skrini kubwa, mlango wazi, watu wanamcheka. Amemaliza miisho yote kumi na mmoja. Sasa anarudia. Anasema bado kuna mmoja."

"Hakuna. Mimi ndiye niliyeuandika."

"Basi nenda umwambie."

Akaenda. Alijiambia anakwenda kushiba, kumwona adui chini kwa macho yake. Alivaa dera lile lile la kijani makusudi, akapaka wanja, akatembea katikati ya barabara mchana kweupe.

Bandani wanaume wawili walishika pedi za kuchezea mpira, wakimngoja Ishaq aachie skrini. Walipomwona Mwanamisi wakasogea bila kuambiwa. Ishaq alikonda kidogo. Ndevu hazikuchongwa.

"Waaleikum salaam," akasema, ingawa hakusalimiwa.

"Nimekuja kukuambia uache kutafuta. Imekwisha."

"Kabla hujaondoka, nikuambie la spika, kisha unitukane. Siku ile nilitoka nje kwa bomba nikusikilize peke yangu, vile ulivyosema. Simu ilikuwa bado imeungana na spika ya ndani. Mimi huku sisikii kitu, nadhani umeongea kwa sauti ndogo, naongeza. Sisikii, naongeza tena. Kumbe naongezea watu."

Mwanamisi alihisi hasira yake ikipoteza mguu mmoja. Lakini ilikuwa na mwingine, na huo aliuegemea.

"Na kucheka?"

"Nilicheka. Niliingia mbio, nikakuta macho ya watu thelathini, aibu ikatoka na meno. Ningesema nyamazeni, sikusema. Hicho hakina maelezo. Ndiyo maana nimekaa hapa mlango wazi."

"Vizuri. Kaa."

"Nitakaa. Lakini huu mwisho uliosema haupo, uangalie."

Akamwonyesha skrini. Katika kila uamuzi Mwanamisi alikuwa ameweka chaguo la *Nyamaza*, na hakudhani kuna mtu angelichagua mfululizo. Ishaq alilichagua kila mahali. Mchezo ukamfikisha kwenye mlango wa banda, msichana wa dera la kijani amesimama, anatazama mbele, na kisanduku cha maneno chini yake kitupu.

"Nimemwacha hapo tangu asubuhi," Ishaq akasema. "Haongei. Lakini haondoki."

Mwanamisi alipajua mahali hapo. Ndipo ulipopaswa kuwa mwisho wa kumi na mbili, mbaya kuliko yote. Alikaa mbele yake siku nne, anaandika anafuta, kisha akautoa mchezo mikononi bila kukumbuka kuifunga njia ile.

"Ni kosa la kazi," akasema. "Sijamaliza."

"Ulitaka kunifanya nini hapa?"

"Kukuchoma. Wewe na banda."

"Na mbona hukunichoma?"

Masikio yake yakapata moto chini ya mtandio. Mmoja wa wale wa pedi akasema kwa upole, "Dada, mchome tu, tuendelee na mpira."

"Wewe ngoja," Mwanamisi akamwambia bila kugeuka. Akatoa flashi mkobani, akaichomeka kwenye kompyuta ya Ishaq, akavuta kibodi. Aliandika dakika chache, uso umekaza kama hakimu. Kisha akasukuma kiti pembeni.

"Cheza."

Chini ya msichana sasa kulikuwa na machaguo mawili. La kwanza: *Omba msamaha*. La pili: *Omba msamaha ukiwa umesimama barabarani*.

Ishaq alisoma yote mawili. Akachagua la pili. Akatoka na kandambili zake mpaka katikati ya waendesha boda, akasema jina lake na la baba yake, akasema alichofanya, hakuacha hata kile kicheko, na akamwomba Mwanamisi binti wa Matungu amsamehe. Pikipiki moja ikazima injini ili isikie vizuri.

Mwanamisi, mlangoni, aliingoja ile raha ya kisasi aliyoifuata. Ilikuja kweli, tamu kama alivyoiwazia. Kisha ikapita, naye akajikuta bado amesimama pale.

Ishaq aliporudi, jasho usoni, alimkuta ameketi mbele ya kompyuta, vidole kwenye kibodi.

"Umenisamehe?"

"Bado. Nyamaza, naandika."

Akainama begani kwake asome. Kwenye kile kisanduku kilichokuwa kitupu kulikuwa na maneno matatu: *Msichana akaingia ndani.*