Viti vya Kilio na Remorke ya Papa Théodore

Kila asubuhi ya kilio, Joviale alikuwa na kazi yake. Alipangusa viti vya plastiki kwa kitambaa chenye maji. Mama yake, Consolate, alivipanga kimoja ndani ya kingine. Baba yake, Théodore, alivipakia katika remorke, kigari cha magurudumu mawili kilichovutwa na jeep yao kuukuu. Kukodisha viti kwa watu waliofiwa ndiyo ilikuwa riziki yao. Huko Cimpunda, mtaa wa mlimani, riziki hiyo haikukauka.

Viti vikijaa, Joviale alipanda juu yake na kukaa, ili visidondoke njiani. Majirani walimzoea.

"Malkia wa vilio," walimtania. "Leo unazika nani?"

Asubuhi moja, jeep ikiwa tayari inanguruma, mama yake alimwita langoni.

"Joviale, umesahau kitambaa."

Joviale aliruka chini kwa nyuma. Baba yake hakumwona. Jeep ikaondoka, ikaanza kupanda mlima.

Kwenye shimo la kwanza, chuma kililia. Pareshoki, lile bamba la nyuma la jeep, liling'oka lote. Remorke ilikuwa imefungwa hapo. Ikarudi chini peke yake, ikapita mbele ya lango, ikapindukia mtaroni. Wanawake waliokuwa wakipanda na maji walitupa bidoni zao wakakimbia. Hakuna aliyeumia.

Théodore alishuka mbio, kiatu kimoja mguuni. Aliingia mtaroni, akaanza kutupa viti kando, vizima na vilivyovunjika.

"Papa," Joviale aliita.

Hakusikia. Akamwita tena. Théodore aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa kama majivu.

"Okota viti," alisema. Kisha akaenda kuketi nyuma ya nyumba.

Joviale aliviokota, kimoja kimoja. Baba hakumuuliza lolote. Aliviwahi viti kwanza.

Waliofiwa walikalia mabenchi ya kuazima. Jioni nyumbani, wakila, mvua ilipiga bati. Théodore alisukuma sahani yake mbali. Hakumtazama binti yake machoni.

Jumapili alikuja jirani yao, maman Ghislaine, aliyefundisha mekanika katika shule ya ufundi. Aliinama nyuma ya jeep.

"Papa Théodore, kroshe ulifunga wapi?"

Kroshe ni kile chuma kinachoshika remorke.

"Kwa pareshoki. Fundi wa barabarani aliichomelea. Kila mutu anafanya vile."

"Na kila mutu iko na bahati mpaka siku yake. Pareshoki haina nguvu ya kuvuta. Njoo uone." Alimulika chini ya gari. "Hivi vyuma viwili virefu ni shasi, mifupa ya gari. Kroshe inafungwa hapa, kwa bolti, ndani ya matundu yaliyotobolewa kiwandani. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa jeep ya aina hii."

"Na uzito?"

"Kitabu cha jeep kinasema inaweza kuvuta kiasi gani. Kroshe nayo imeandikwa kiasi chake. Fuata namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili, na usisahau remorke yenyewe ni uzito. Mizigo iegemee mbele kidogo ya magurudumu. Ukijaza nyuma, remorke itayumba."

"Na ikiachia tena?" Consolate aliuliza.

"Weka minyororo miwili, ipishane chini ya kroshe. Itaishika." Ghislaine alizima tochi. Sauti yake ikashuka. "Lakini ile ya kukalisha mutoto juu ya viti, apana. Viti vinafungwa kwa mikanda. Mutu haiko kamba."

Théodore aligeuka, akatoka langoni. Joviale alidhani amekasirika tena.

Kumbe baba alikwenda kutafuta kroshe ya jeep yake, mpaka akaipata. Ghislaine alisimamia kazi. Bolti zilikazwa kwa ufunguo unaopima nguvu. Taa za remorke ziliunganishwa na za jeep. Walipanda mlima polepole, wakarudi, wakakagua bolti zote upya.

Kilio kingine hakikuchelewa. Viti vilifungwa kwa mikanda. Kwa mazoea, Joviale aliweka mguu juu ya gurudumu ili apande. Baba yake alimshika mkono.

"Kaa mbele, karibu yangu."

Walipita shimo lile. Remorke iliruka kidogo, ikatulia, ikafuata. Walifika, na hakuna kiti kilichodondoka. Ndani ya ua, wanawake walikuwa wakilia. Théodore alizima injini, lakini hakushuka.

"Papa, watu wanangoja viti," Joviale alisema. "Si ndivyo unavyovipenda? Siku ile uliviwahi kabla yangu."

Théodore aliachia usukani, akamgeukia.

"Sikujua umeshuka," alisema. "Mutoto yangu, sikuwa natafuta viti. Nilikuwa nakutafuta weye, chini yake."