Sumu ya Mahoko

Kila asubuhi mitumbwi ilirudi Gisenyi na samaki. Nzabonimpa alivuta mtumbwi wake ufukoni. Mama yake, Mukabalisa, alichagua samaki na kuwapanga kapuni. Mara Saidati akapita na sinia la mandazi kichwani.

"Salama, Mama Nzabonimpa?"

Mukabalisa alifunika kapu haraka.

Saidati alikuwa jirani yao. Zamani wanawake hawa waliombana chumvi na makaa ya moto. Sasa Mukabalisa aliamini kwamba Saidati alitaka kumuua mwanawe.

Mambo yalianza mwaka uliopita, siku ya mbio ndefu. Mbio hizo zilitoka Gisenyi, zikapanda Mahoko na Bigogwe, zikaishia Ruhengeri. Ni zaidi ya kilomita sitini, na nyingi ni za mlima. Nzabonimpa alitoka kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Alifika Mahoko akiwa mbele ya wote. Siku hiyo Saidati alikuwa akiuza chai sokoni huko. Alimpa kikombe kikubwa cha maji, naye akakimaliza kwa pumzi moja. Alipoupanda mlima, tumbo lilimkata. Akatapika. Miguu ikakakamaa, akaanguka kando ya barabara. Hitimana wa Cyanzarwe akampita polepole, akaenda kushinda zawadi ya baiskeli.

"Ni sumu," Mukabalisa alisema, na neno hilo likaenea mtaani.

Kwetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, uone kwamba ni salama. Siku ile Saidati hakuonja. Nani ana nafasi ya kuonja mbele ya mtu anayekimbia? Lakini watu hawakujiuliza hivyo. Waliacha tu kununua mandazi yake. Sasa Saidati alikuwa akifunga vyombo vyake ili ahamie Goma kwa kaka zake.

Mbio nyingine zilipokaribia, Hitimana mwenyewe alifika kwa Mukabalisa, ameipanda ile baiskeli.

"Huyu anatafuta nini?" Mukabalisa alinong'ona. Hakumpa kiti.

"Mama, mi najua munasema nini," Hitimana alisema. "Munasema nilimutuma Saidati. Baiskeli iko ya kubeba watu, lakini hakuna mutu anakubali kupanda nyuma yangu. Nzabonimpa akianguka tena, mi nitaficha uso wapi? Donc, ndiyo sababu nimekuja kumufundisha."

"Umufundishe akushinde? We unatuona wajinga?"

Hitimana akamgeukia Nzabonimpa. "Mwaka jana, kabla ya Mahoko, ulikuwa unaweza kuongea?"

"Kuongea na nani? Wote niliwaacha nyuma!"

"Na maji? Ulikunywa njiani?"

"Hata tone. Kunywa kunachelewesha."

"Basi sumu ulijipa mwenyewe. Ulimaliza nguvu kabla ya mlima. Mwili ulikauka. Halafu ukajaza tumbo maji mara moja. Hata ng'ombe angetapika."

Nzabonimpa alikunja uso. Hitimana hakuchoka.

"We unapiga kasia mpaka Kibuye. Munaanza na nguvu zote?"

"Oya, hapana! Mikono itakufa katikati ya ziwa. Tunaimba, tunafuata wimbo."

"Na barabarani, wimbo iko wapi?"

Nzabonimpa aliigeukia barabara ya mlima.

"Kimbia mwendo ambao bado unaweza kuimba," Hitimana alisema. "Ukishindwa kuimba, punguza. Mlima ukikaza, tembea, si haya. Kunywa kidogo kidogo, kabla kiu haijakushika. Kula kiazi cha kuchemsha na chumvi. Nguvu unayoiweka Gisenyi utaikuta Bigogwe."

Alipoondoka, Mukabalisa aligonga meza. "Umesikia? Tembea! Anataka utembee, yeye apite. Ni ujanja!"

Nzabonimpa naye alikuwa na shaka. Kwa hiyo alijaribu peke yake. Siku moja alikimbia mpaka Mahoko kwa mtindo wake wa zamani. Alirudi akichechemea, akalala mpaka jioni. Siku nyingine alikwenda akiimba. Alirudi, akakaa mlangoni akatengeneza nyavu. Mukabalisa aliona.

Siku ya mbio, vijana waliruka mbele na vumbi likawafunika. Nzabonimpa alibaki nyuma, akiimba wimbo wa kasia.

"Eh, muvuvi! Umesahau kushuka kwenye mutumbwi?" watu walimcheka.

Mukabalisa alikuwa ameshapanda lori la mizigo mpaka Mahoko. Hakwenda kushangilia. Alikwenda kumlinda mwanawe dhidi ya Saidati, aliyeuza chai sokoni huko. Aliona wakimbiaji wakipita mmoja mmoja. Mwanawe hakuwamo. Hitimana akatokea, pumzi yake imetulia.

"Mutoto wangu iko wapi? Umemufanya nini?"

"Anakuja, mama. Anaimba."

Kweli, wimbo ulisikika kabla ya mwimbaji kuonekana. Nzabonimpa alifika, akasimama mbele ya Saidati. Saidati alikuwa na kibuyu cha maji yaliyochemshwa na kupozwa. Hakuthubutu kumpa.

"Usiguse!" Mukabalisa alipiga kelele. Watu sokoni wakageuka.

Saidati alimimina maji kikombeni. Alikunywa mafunda mawili, kisha akamsogezea Mukabalisa kikombe.

"Onja na we. Mwaka jana alipita kama mwizi, ningeonja saa ngapi? Leo amesimama."

Mukabalisa alikichungulia kikombe. Akakinusa. Akanywa. Akangoja, kana kwamba tumbo lingemjibu.

"Ni maji," alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Mama, nipe basi! Watu wanaenda!"

Nzabonimpa alikunywa kidogo, akatoa kiazi mfukoni, akaupanda mlima akitembea na kutafuna. Pale mwinuko ulipopungua, alianza tena kukimbia na kuimba.

Kabla ya Bigogwe alimkuta mmoja wa waliotangulia ameketi chini, ameshika mguu.

"Wamenipa sumu!"

"Nani?"

"Sijui! Mutu wa Mahoko!"

Nzabonimpa alimtazama, akajiona mwenyewe. "Hakuna sumu, ndugu yangu. Ulikimbia sana. Kaa kwenye kivuli, unywe kidogo kidogo."

Aliwapita wengine wengi. Aliingia Ruhengeri wa pili, nyuma ya Hitimana, kwa miguu yake mwenyewe. Alipewa blanketi, zawadi ya mshindi wa pili. Sauti ya kushukuru alikuwa bado nayo.

Aliporudi nyumbani, Mukabalisa alimtandikia blanketi, akajitanda kitenge, akatoka. Alisimama mlangoni kwa Saidati, majirani wakimsikia.

"Mi nilisema uongo juu ya huyu mwanamuke. Mutoto wangu aliangushwa na haraka yake. Anayetaka mandazi, aje anunue."

Kisha akaingia na kuketi. Mizigo ya kwenda Goma ilikuwa bado imefungwa kando ya ukuta. Saidati alimimina chai. Akainua kikombe ili aonje kwanza.

Mukabalisa akamshika mkono. "Usionje. Lete hivyo hivyo."

Akanywa. Akafikiri kidogo.

"Sukari haitoshi, dada."

Saidati akainama, akafungua mzigo wa kwanza, akaanza kutafuta kopo la sukari.