Sahani ya Marehemu Oreste

"Hivi Ersilia, marehemu mumeo alikuwa na pengo?"

Pierina jirani aliuliza hivyo miaka miwili iliyopita, amesimama jikoni kwa Ersilia na kipande cha jibini kilichong'atwa mkononi, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Pengo? Oreste? Thubutu! Yule alikuwa akipasua kokwa kwa meno. Kasoro yake moja tu, jino la mbele lilimpanda mwenzake."

"Mh! Basi huko waliko wanang'oka meno."

"Kirudishe hapo, Pierina. Chakula cha marehemu hakichezewi."

Pierina akakirudisha, wakacheka. Lakini swali lile lilimganda Ersilia kama unga wa mkate kwenye vidole.

Pale Roccamesta, mji wa mawe ulio chini ya mlima, kila Siku ya Marehemu Wote watu huandaa meza alfajiri, huacha milango bila kufuli, kisha huenda misa. Nyumba huachiwa wenyewe wa zamani waje wale. Wengi hurudi wakakuta hata chembe haikupungua, nao hawalalamiki. Kwa Ersilia ndiko kulikopungua.

Si mwaka wa kwanza wa ujane wake. Mwaka wa kwanza alikuta sahani kama alivyoiacha, akalia hadi mpangaji wa chumba cha juu akasikia.

"Hata mkate wangu anaukataa! Hajanisamehe!"

Alikuwa na sababu. Asubuhi ile Oreste alipopanda mlimani, walikuwa wamegombana, na neno la mwisho Ersilia alilomrushia mlangoni lilikuwa hili: "Nenda, na usirudi!" Theluji ikaitika. Walimteremsha maiti siku ya tatu.

Mwaka uliofuata jibini ilikutwa imeng'atwa, divai imepungua. Ersilia alipiga magoti pale pale sakafuni, akamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo akaanza kupata usingizi.

Mpangaji mwenyewe ni Gervasio, fundi saa kutoka tambarare. Kila mwisho wa Oktoba hupanda Roccamesta kurudisha saa ya mnara nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo huko kila majira ya baridi yakikaribia, na kuitia mafuta. Hukaa wiki mbili, huondoka. Mwaka huu, hata begi hajalitua, akasema:

"Ersilia, nimechoka kuwa mgeni humu ndani."

"Kwani nani kakufukuza, fundi?"

"Nataka kukuoa."

Ersilia aliacha kumenya kitunguu.

"Mimi nina mume."

"Una kaburi."

"Nina mume anayekuja kula kwangu kila mwaka! Nikuvalie pete, halafu yeye nimwekee sahani? Sitakula viapo viwili kwa mdomo mmoja."

"Na asipokuja?"

Ersilia akarudia kumenya. Kitunguu kilimtoa machozi, au alisingizia kitunguu.

"Mwaka huu asipoigusa sahani yangu," alisema taratibu, "nitajua ameniachia. Nitasimama nawe altareni. Lakini akila, Gervasio, usinitajie ndoa tena mpaka nife."

Gervasio akalitua begi.

"Sawa," akasema.

Siku ikafika. Ersilia alitandika kitambaa cheupe, akaweka mkate, jibini ya mbuzi, glasi ya divai iliyojaa hadi ukingoni. Akaenda misa. Gervasio akaenda mnarani kwake.

Padri alipomaliza tu baraka, Ersilia alishuka zile ngazi za mawe kama msichana. Akasukuma mlango.

Jibini nzima. Mkate mzima. Divai hadi ukingoni.

Simu ikaita mfukoni. Ujumbe wa Pierina: "Vipi, amekula?"

Akajibu hapo hapo: "Hajagusa! Niokee keki ya harusi, na usinibanie sukari."

Gervasio akaingia, mikono ina grisi.

"Fundi! Ameniruhusu! Oreste ameniruhusu!"

Akamkumbatia. Mikono ya Gervasio ikabaki inaning'inia.

"Mbona umepoa kama uji wa jana? Kaa ule. Leo chakula hiki ni chako."

Akamtilia jibini mkononi. Gervasio akaitazama kama mtu aliyepewa sumu, akang'ata mara moja, akairudisha sahanini. Ersilia akanyoosha mkono kuondoa sahani. Mkono ukaishia njiani.

Katikati ya alama za meno palikuwa na kiukuta kidogo cha jibini, mahali ambapo jino halikupita.

"Cheka," alisema.

"Ersilia..."

"Nimesema cheka, niyaone meno yako."

Hakucheka. Hakukuwa na haja. Miaka sita Ersilia alikuwa akiliona pengo lile kila fundi akisema habari za asubuhi, ila hakuwahi kuliweka karibu na sahani.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Ulilia mwaka ule, na sakafu ya juu ni mbao tupu. Nikasema huyu mama atakufa kwa majonzi. Sikujua nitakuja kukupenda. Nimejifugia mpinzani kwa meno yangu mwenyewe."

"Miaka minne namshukuru Oreste. Nawasha mishumaa. Kumbe namwashia panya!"

"Niite utakavyo."

Ersilia akakaa. Hasira ilimtoka ghafla, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Basi hakuja hata siku moja," alisema kwa sauti ndogo. "Yuko kule na lile neno langu sikioni. Usirudi. Ndilo alilokwenda nalo."

Gervasio alimtazama. Angenyamaza, huenda miezi ingepita, mwanamke angepoa, harusi ingekuwepo. Alilijua hilo.

"Alikuja," akasema.

"Usinidanganye tena, nakuomba kwa jina la Mungu."

"Leo alikuja. Nilishuka mnarani wakati wa misa, nihakikishe hapajaguswa kitu. Nikakuta jibini imeshang'atwa, divai nusu glasi. Na humu hamna mtu. Nikaona nimeshakukosa. Nikakata kipande kingine, nikajaza glasi."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, akaifungua mezani.

"Nilitaka kukitupa mtoni. Mkono ukakataa."

Kilikuwa kipande cha jibini ile ile ya mbuzi. Alama za meno zilikuwa kamili, hazina pengo. Pale mbele, jino moja lilikuwa limempanda mwenzake.

Ersilia alipitisha kidole juu ya ile alama, kwenda na kurudi, kama anayepapasa uso wa mtu.

"Sema kitu," Gervasio alimsihi. "Nitukane basi."

Simu ikalia mezani. Pierina tena: "Keki ya tabaka ngapi, bibi harusi?"

Ersilia hakuitazama. Alijifunga kitambaa kichwani, akakifunga kile kipande ndani ya leso, akakishika kifuani kwa mikono miwili. Akatoka, akashika njia ya makaburini, mlango akauacha wazi nyuma yake.