Mbuzi Wasiokufa wa Mama Puleng

Kila asubuhi Rasekoai alifungua zizi la mawe, na mkewe, Mama Thuso, alikoroga uji. Mbuzi walitoka wakisukumana. Walishuka bondeni kula majani mabichi kando ya mto Senqu.

Mwaka huo mvua ilinyesha sana. Asubuhi moja mbuzi hawakusukumana. Walitoka mmoja mmoja, wakiburuta miguu. Wengine walikuwa na uvimbe chini ya taya. Mbuzi jike mkubwa, mweupe mwenye kichwa chekundu, hakutoka kabisa. Alikuwa amekufa.

Huyo alikuwa wa tisa tangu mvua ianze. Mwanzoni walikuwa thelathini.

"Mwingine?" Mama Thuso aliuliza.

"Usiniulize kitu unachokiona!"

"Nisipokuuliza wewe, nimuulize nani? Mbuzi?"

Rasekoai alichukua chupa ya dawa ya minyoo. Dawa ilikuwa imebaki kidogo. Akaongeza maji, akatikisa, akawanywesha mbuzi wote, wazima na wagonjwa. Alifanya hivyo kila baada ya wiki tatu. Miaka mitatu alifanya hivyo, tangu alipowaleta mbuzi hao wakubwa kutoka ng'ambo ya mpaka.

Zamani alikuwa na mbuzi alioachiwa na marehemu mama yake. Walikuwa wadogo, wenye mabaka na miguu mifupi. Aliwaonea aibu. Mbuzi weupe walipofika, aliwapeleka wale wadogo kwa Mama Puleng, mjane anayeishi nyuma ya kilima. Aliwapeleka kwa mafisa. Mafisa ni desturi yetu: unampa mtu mifugo aitunze na anywe maziwa, lakini mali inabaki yako. Mnyama akifa, mtunzaji anakuletea ngozi. Unaiona kwa macho yako, unajua hakumuuza.

Kwa miaka mitatu Mama Puleng alileta ngozi moja tu.

"Ngozi moja!" Rasekoai alifoka. "Hapa wamekufa tisa! Yule mwanamke ananificha kitu. Jumamosi lori la mnunuzi linapita. Nawachukua vile vibushuti vyote, nauza, naleta weupe wengine."

"Na wakifa hao nao?"

Rasekoai alikwisha kuvuta blanketi lake begani na kuondoka.

Alimkuta Mama Puleng akikandika ukuta. Mbuzi wenye mabaka walikuwa wakiruka juu ya mawe. Kuwaona tu kulimwashia hasira.

"Mama Puleng, ngozi zangu ziko wapi?"

"Ngozi zipi, Baba Thuso?"

"Za mbuzi wangu waliokufa."

"Hawajafa. Hao hapo."

"Kwangu wanakufa, kwako wanacheza. Kuna kitu umenifanyia zizini kwangu!"

Mama Puleng akageuka. Mikono yake ilijaa udongo.

"Rudia."

"Nimesema..."

"Nimesikia! Miaka mitatu nawachunga mbuzi wako kwenye baridi. Sasa unanilaumu kwa sababu hawafi? Ulitaka nikuchunie mbuzi aliye hai ili ufurahi? Unaniita mchawi mlangoni kwangu?"

"Jumamosi nawachukua."

"Chukua! Mali ni yako. Lakini neno hilo utalifuta mbele ya chifu. Na utalifuta kwa sauti hiyohiyo uliyolisemea."

Mama Thuso alisikia habari hizo kabla mumewe hajafika nyumbani. Hakubishana naye. Alimpigia simu Limpho, afisa mifugo.

Limpho alikuja Alhamisi, amepanda farasi. Asubuhi hiyo mbuzi wa kumi alikuwa amekufa. Mama Puleng naye alifika, akimvuta mbuzi mmoja mwenye mabaka kwa kamba. "Nimekuja kusafishwa jina," alisema, wala hakukaa alipokaribishwa.

Limpho alimpasua mbuzi aliyekufa. Mbuzi ana matumbo manne; akalifungua la nne. Ndani mlijaa minyoo, myembamba kama nyuzi, maelfu kwa maelfu.

"Huyu ndiye mchawi wako, baba," alisema. "Anakunywa damu."

"Haiwezekani! Nimewapa dawa wiki hiihii!"

"Kiasi gani?"

"Chupa moja, wote. Niliongeza maji kidogo."

Limpho akatupa kisu chini. "Nani alikuambia uongeze maji?"

"Binti, dawa ni ghali."

"Hasara hii ni rahisi? Dawa nyepesi huua minyoo dhaifu tu. Wale sugu wanabaki, wanataga mayai. Watoto wao wanarithi usugu huo. Ukawanywesha mbuzi tena dawa nyepesi, ukaichuja minyoo tena. Miaka mitatu! Baba, umefuga minyoo kwa bidii kuliko mbuzi."

Mama Puleng alicheka kwa sauti. Rasekoai alikunja ngumi, lakini hakuwa na wa kumpiga. Mnyoo hapigwi ngumi.

Limpho akamshika mbuzi mweupe, akafunua ukope wa chini kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe kama karatasi, damu imekwisha. Akafunua ukope wa yule mwenye mabaka. Palikuwa pekundu.

"Kwa hiyo huyu hana minyoo," alisema Mama Thuso.

"Anao, mama. Lakini mwili wake unawabana. Bibi wa bibi yake alikula majani ya bonde hili. Mbuzi aliyeshindwa na mnyoo alikufa bila kuzaa. Aliyehimili alizaa, na watoto wakarithi nguvu. Mnyoo naye hakulala. Aliyefukuzwa na mwili wa mbuzi hakuacha mayai. Aliyeng'ang'ania ndiye aliyeacha. Mbuzi akikaza, mnyoo anakaza. Kila mmoja amembadilisha mwenzake hivyo vizazi na vizazi, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Hawa weupe wametoka nchi kavu, yenye minyoo michache. Mmewaingiza kwenye ugomvi wa siku nyingi, nao wamefika juzi."

Rasekoai alimtazama mbuzi mdogo wa mama yake. "Na mimi nilitaka kumuuza Jumamosi," alisema taratibu.

"Ukimuuza, umeuza ngao yako."

Limpho alitoa dawa ya aina nyingine. Alimpima kila mgonjwa uzito, akampa kipimo kamili, bila tone la maji. Wenye kope nyekundu hakuwapa kitu.

"Hao wabaki na minyoo?" Rasekoai aliruka.

"Wabaki. Minyoo ya ndani yao haijachujwa na dawa hii. Itachanganyika na ile itakayonusurika kwa wagonjwa, na watoto wengi wa minyoo hiyo bado watauawa na dawa. Ukiwanywesha wote, sugu watazaana wenyewe kwa wenyewe, na dawa hii nayo itakufa mikononi mwako. Kagueni kope kila wiki wakati wa mvua. Anayepauka ndiye anywe. Na beberu wa kupandisha atoke kwa Mama Puleng."

Mama Puleng aliikaza kamba mkononi.

"Beberu yupo," alisema. "Neno langu liko wapi?"

Ijumaa Rasekoai alisimama mbele ya chifu na watu wote. Alisema, "Nilimwita huyu mama mchawi. Nilisema uongo. Mwenye kosa ni mimi na chupa yangu." Alisema kwa sauti kubwa, maana alipoanza kunong'ona Mama Puleng alisema, "Sisikii!" Kisha akampa Mama Puleng kila mtoto wa tatu atakayezaliwa na mbuzi wa mafisa, awe mali yake kabisa. Jumamosi lori lilipita bila mbuzi wake.

Mwezi wa nne beberu mwenye mabaka aliingia kwenye zizi la mawe. Mabeberu weupe walihasiwa. Mwezi wa tisa wakazaliwa watoto wenye miguu mifupi na vichwa vyekundu. Majirani walicheka. Waache wacheke.

Mvua ikarudi, nzito kama ile ya mwaka uliopita. Kila wiki Mama Thuso alifunua kope. Miezi ikapita, hakufa hata mbuzi mmoja. Dawa walikunywa wachache tu.

Lakini mmoja alipauka tena na tena. Alikuwa Palesa, mbuzi mweupe mzuri kuliko wote, ambaye Rasekoai alimlea kwa mkono.

"Mara ya tatu," alisema Mama Thuso. "Watoto wake watakuwa hivihivi."

"Najua!"

"Unanifokea mimi?"

"Namfokea mnyoo!"

Rasekoai alisubiri hadi siku za kungoja baada ya dawa zilipoisha, ili nyama isiwe na madhara kwa mlaji. Kisha akamfunga Palesa kamba shingoni, ampeleke kwa mchinjaji. Mama Thuso alitaka kuishika kamba amsaidie.

"Acha," Rasekoai alisema. "Nilimleta mwenyewe."

Akamvuta, akitukana njia nzima.