Mapanja ya Binti wa Msusi

Mama Kaza alikuwa msusi, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba anayoishi: viti viwili, kioo kirefu, beseni la kuoshea nywele, na mafungu ya rasta yaliyotundikwa ukutani. Mlango ulifunguliwa asubuhi na mapema, na redio haikuzimwa mpaka jioni.

Sifa yake ilikuwa moja: alijua kukaza. Nywele alizosuka yeye hazikulegea hata mtu alale kifudifudi, hata abebe ndoo. Nyusi zenyewe zilipanda juu kidogo, na mteja aliondoka na sura ya mtu aliyeshtuliwa. Siku ya kwanza wengi walimeza vidonge vya maumivu. Anayelalamika aliambiwa avumilie, na alivumilia. Kisha alirudi tena, safari hii na dada yake.

Saluni haikuwa na bango. Bango lilikuwa binti yake wa miaka kumi na sita. Kila mtindo mpya ulianzia kichwani kwake, na kila aliyeuona shuleni au sokoni aliuliza umesukwa wapi. Mama alijivunia sana jambo hilo. Binti mwenyewe hakuwa msemaji. Alikaa chini katikati ya magoti ya mama yake, akauma meno, akasubiri kazi iishe.

Jumamosi moja Mama Kaza alikuwa anamfumua ili amsuke upya. Rasta ya kwanza, ile ya pembeni ya paji la uso, iling'oka ikambaki mkononi pamoja na nywele zote zilizokuwa ndani yake. Alikigeuza kichwa cha binti kwenye mwanga wa mlango. Kwenye panja la kulia ngozi ilikuwa inang'aa. La kushoto lilibaki na vinywele vifupi, vyembamba, vya kuhesabika.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Muda," binti alijibu.

Ndipo mama alipoelewa kwa nini siku hizi mtoto alishusha rasta usoni, na kwa nini alijificha nyuma ya wenzake kila ilipopigwa picha. Alikuwa amedhani ni maringo ya umri.

Hofu ilimwingia Mama Kaza. Wazo la kwanza lilikuwa la saluni: msusi ambaye mtoto wake ana upara, nani atampa kichwa chake? Tusimlaumu sana, maana saluni ndiyo iliyoilisha nyumba ile. Lakini wazo la pili lilifuata papo hapo, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Huyu ni msichana. Nywele zisiporudi, atakwenda hivi hivi maisha yake yote?

Basi tiba za nyumbani zikaanza. Kwanza maji ya kitunguu. Yakashindwa, likaja yai. Yai nalo likashindwa, yakaja mafuta mazito yaliyopashwa moto. Binti alinuka kama jiko la mgahawa, na mapanja yalibaki vilevile.

Baba wa nyumba, fundi bomba mwenye upara wa kung'aa, naye alikuwa na maoni yake. Alisema kosa ni la vitambaa na kofia. Yeye mwenyewe, alidai, alimalizwa na kofia ya kazi, na ndiyo maana aliitupa juu ya kabati. Mke wake alimjibu kwamba kosa ni la ukoo wao, ambao wanaume wake wote wana vichwa kama mayai. Baba akasema labda ni maji ya bomba. Mtu anayekula kwa mabomba alikuwa tayari kuyasingizia mabomba kuliko kuusingizia ukoo wake.

Walibishana hivyo mezani, huku mwenye kichwa amekaa katikati yao. Mwishowe aliweka kijiko chini.

"Mimi nataka kwenda hospitali," alisema.

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Walikubali.

Sasa angalia kosa alilolifanya Mama Kaza. Kesho yake ilikuwa siku ya kwenda kituo cha afya, na kumpeleka mtoto wake mbele za watu bila kusukwa ilikuwa aibu asiyoiweza. Jioni ile alimkalisha chini, akamsuka upya. Alisuka vizuri kuliko siku zote. Pembeni alikaza zaidi, akavuta nywele za nyuma zije mbele kufunika palipobaki wazi. Alipomaliza, palipo na ugonjwa hapakuonekana kabisa.

Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliuliza maswali mengi kabla hajamgusa mtoto. Nywele zilianza kutoka lini, ghafla au taratibu? Zinatoka kichwa kizima au sehemu? Kunawasha? Kunauma? Aliugua homa kali karibuni? Anameza dawa gani? Damu ya mwezi inakuwa nyingi? Anakula vizuri? Nani katika familia ana upara? Kichwani anapaka nini? Kwenye kitunguu na yai aliandika bila kucheka, na Mama Kaza alimshukuru moyoni.

"Haya, sasa niione ngozi," daktari alisema. Aliinama, akatazama, akainuka. "Mama, sioni kitu. Zimefunikwa zote. Itabidi mzifumue, mrudi siku nyingine."

"Nitafumua mimi," Mama Kaza alisema. "Sasa hivi."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Mama Kaza alikuwa amefumua vichwa vingi maishani mwake, lakini siku zote haraka, macho yakiwa kwenye redio na mazungumzo. Leo alifumua akitazama ngozi. Kwenye shina la kila rasta ya pembeni palikuwa na kipele cheupe. Ngozi ilikuwa imevutwa juu, nyekundu. Kila alipogusa, bega la binti lilijikunja.

"Huwa inauma hivi kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nilipokuwa mdogo," binti alisema taratibu, bila lawama. "Ukasema nivumilie."

Mama Kaza alishika shina la rasta kwanza ili lisivutike. Alimaliza kufumua hivyo hivyo, moja baada ya moja.

Ndani, daktari aliwasha taa ndogo, akaipitisha lenzi juu ya mapanja yote mawili. Alishika kifungu cha nywele utosini, akakivuta polepole mpaka mwisho, akatazama ni ngapi zimetoka. Ilikuwa moja tu, dalili kwamba nywele za pale ziko imara.

"Nani anakusuka?" aliuliza.

"Wasusi tu," binti aliwahi kujibu. "Nabadilisha."

Mama alimgeukia. Mtoto huyu hakuwa na tabia ya kusema uongo. Alikuwa anamsitiri mama yake.

"Ni mimi, daktari," alisema. "Ndiyo kazi yangu. Watu wananiita Mama Kaza."

Alisubiri kufokewa. Daktari alivuta kiti karibu.

"Basi nitakueleza wewe kama fundi," alisema. "Kila unywele una mzizi ndani ya ngozi. Mzizi ukivutwa siku nenda rudi, unachoka. Kwanza unatoa nywele nyembamba, kisha fupi, mwisho hautoi kitu. Huanzia pembeni kwa sababu nywele za pale ni laini na mvuto wa pale ni mkubwa. Rasta nzito zinaongeza mvuto. Dawa ya kulainisha nywele nayo inazidhoofisha, kwa hiyo ukisuka juu yake hali inakuwa mbaya zaidi. Maumivu na vipele ni mwili unaomba msaada."

"Kwa hiyo si ukoo wa baba yake?"

Daktari alitabasamu. Alieleza kwamba upara wa kurithi hauumi wala hauna vipele. Kwa mwanamume huanzia mapanjani na utosini. Kwa mwanamke nywele hupungua pale katikati, na njia ya kichana huonekana pana. Tena hurithiwa kwa upande wa mama sawa na upande wa baba. Kofia ya kawaida haina kosa lolote.

Mama Kaza alipata ujasiri wa kuuliza yote aliyokuwa anayasikia saluni kwake. Wifi yake alinyonyoka nywele kichwa kizima baada ya kujifungua, na watu wakasema amerogwa. Daktari alisema hilo ni jambo la kawaida. Miezi michache baada ya kujifungua, au baada ya homa kali au upasuaji, nywele nyingi hutoka kwa pamoja, na mara nyingi hurudi zenyewe.

"Ndiyo, zilirudi," Mama Kaza alikubali. "Na wale wanaopata duara moja tupu, laini kama kiganja?"

"Hapo kinga ya mwili imepotea njia. Inashambulia nywele za mwenyewe. Haiambukizi, usimkimbie mteja wa hivyo. Mwambie aje. Lakini ukiona duara lenye magamba, hasa kwa mtoto, na anajikuna, yanaweza kuwa mapunye. Hao ni fangasi. Wanapita kwenye vichana na mashine za kunyolea. Sisi tunakwangua magamba kidogo tukapime, na dawa yake ni ya kumeza, si ya kupaka tu."

Aliongeza kwamba wengine hupungukiwa damu, na wengine tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa. Hao hutambuliwa kwa kupima damu. Mara chache huchukuliwa kipande kidogo cha ngozi. Na kuona nywele kadhaa kwenye kichana kila siku si ugonjwa, maana kila mtu hupoteza kama hamsini hadi mia kwa siku.

"Vichwa viwili vinaweza kufanana na sababu zisifanane," alisema. "Ndiyo maana nauliza kwanza."

Binti alisogea mbele kwenye kiti. Ilikuwa zamu yake kuuliza.

"Zangu zitarudi?"

Mama Kaza alishika ukingo wa kiti.

"Nyingi, natumaini," daktari alijibu. "Nimeona vinywele vifupi, maana yake mizizi ipo hai. Hapa juu ya sikio la kulia pamelainika sana, siwezi kukuahidi. Mzizi ukishageuka kovu, hakuna mafuta wala kitunguu kitakachoufufua. Itachukua miezi, na sharti ni moja. Mvuto ukome leo."

"Umekoma," Mama Kaza alisema.

Walirudi nyumbani na dawa ya vipele. Baba alisikiliza habari yote, akapanda kwenye kiti, akaiteremsha kofia yake kutoka juu ya kabati na kuipiga vumbi. Akaivaa pale pale.

Kumbe kuahidi mbele ya daktari kulikuwa rahisi. Siku iliyofuata alikuja karani wa ofisi ya maji, mteja wa miaka mingi. Mama Kaza alimweleza kwamba kuanzia sasa atasuka kwa kulegeza, na pembeni ataacha nywele zipumue. Karani alimtazama kwenye kioo.

"Dada, mimi nakuja kwako kwa sababu unakaza. Kulegeza naweza kulegezewa na yeyote."

Akachukua mkoba wake, akaenda. Wengine walimfuata. Kulikuwa na siku ambazo viti vyote viwili vilikaa vitupu na redio ikaimba peke yake. Mama Kaza aliogopa, na alimwambia mumewe hivyo. Mume alisema bomba nalo ukilikaza kupita kiasi linapasuka, na fundi anayejua kazi anajua pa kuachia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hayo yalimsaidia mkewe.

Shida nyingine ilikuwa mikono yenyewe. Vidole vilikuwa vimezoea kuvuta, na vilivuta bila kutumwa. Ikambidi ajifunze upya kama mwanafunzi. Alianza kusuka mafungu manene kidogo, kwa rasta chache. Aliuliza mteja kila mara, "Inauma? Ikiuma, sema." Hakusuka nywele zilizotoka kutiwa dawa. Kati ya mtindo na mtindo alimwambia mtu akae na nywele zake mwenyewe kwanza. Vichana alivisafisha kila baada ya mteja, na mama mmoja aliyeleta mtoto mwenye magamba kichwani alielekezwa kituo cha afya kabla ya kuguswa.

Polepole watu walianza kuja, na wengi walikuja wakinong'ona. Walitaka kuonyesha mapanja yao mlango ukiwa umefungwa. Siku moja aliingia yule karani wa ofisi ya maji, amefunga kitambaa. Alikaa, akakifungua, akaonyesha mapanja yake. Mama Kaza aliangalia, akawasha taa, akaanza kumuuliza maswali.

Kwa binti, miezi ya kwanza haikuonyesha lolote, na aliwahi kulia akiwa bafuni. Kisha panja la kushoto likaanza kuwa jeusi. La kulia likafuata kwa kuchelewa. Juu ya sikio palibaki sehemu ndogo, upana wa ukucha wa kidole gumba, na daktari aliwaambia wazi kwamba hiyo haitaota. Binti alipaangalia kwenye kioo, akasema anaweza kuishi napo. Picha ya darasa ilipopigwa, alisimama mbele.

Jumapili moja alasiri alikuja mwenyewe na kichana, bila kuitwa, akakaa chini katikati ya magoti ya mama yake. Mama Kaza alianza kumsuka nywele zake mwenyewe, bila rasta, kwa mkono mwepesi. Alifika katikati, mara kichwa kikawa kizito na kuegemea pajani kwake. Alidhani amemuumiza.

"Inauma?" aliuliza.

Hakujibiwa. Aliinama kuchungulia. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, anapumua taratibu.

Mteja alitokea mlangoni. Mama Kaza aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha kiti. Miguu ilianza kumfa ganzi, lakini hakuisogeza. Miaka yote ile ya kumsuka, mwanawe hakuwahi kusinzia mikononi mwake.