Kisima cha Madyan

Tabia aligongana na Shaame sokoni Darajani, mbele ya wauza viungo, kila mmoja kazama kwenye simu yake. Mfuko wa karafuu wa Tabia ukamwagika.

"Samahani bibie, nilikuwa jangwani," akasema yule kijana wa kanzu nyeupe, huku anaokota.

Tabia alicheka kabla hajajizuia, maana hata yeye alikuwa huko. Wote wawili walishajiunga na safari ya simuni inayofuata njia ya Nabii Musa, kutoka Misri mpaka kisima cha Madyan. Unatembea hapa Unguja, alama yako inasogea Sinai.

Basi jioni zikawa zao. Tabia, baibui jeusi na mtandio wa zambarau, akizunguka vichochoro vya Mji Mkongwe. Shaame akizunguka Ng'ambo. Simu masikioni, alama zao bega kwa bega.

"Usinipite, mpenzi."

"Nikupite nende wapi? Madyan tunafika pamoja. Musa kapata mke pale, mimi nikose?"

Mwezi mzima Tabia alitembea kwa raha. Halafu, ghafla, Shaame akawa hapokei simu, na alama yake inakimbia. Siku ya tatu ilikuwa kisimani, Tabia yuko nyuma kwenye majabali. Wivu ukamkaba. Katembea na nani huyu?

Usiku Shaame akapiga. "Roho yangu, nshafika."

"Nimeona. Na nani?"

"Ntakwambia kesho."

"Kaa na kesho yako." Tabia akakata, akalia.

Kesho yake baada ya alasiri wazee wanne wenye kofia walipiga hodi, wakakaribishwa sebuleni. Mama akaingia chumbani kwa Tabia.

"Wameleta posa. Shaame hana baba, kawafuata wazee wa ukoo wao kwa miguu, Kwahani, Magomeni, mpaka Fuoni. Mmoja wao, Mzee Silima, kamrudisha mara tatu, anasema anayetaka mke hapigi simu, anakuja mwenyewe. Hakukwambia, aliogopa wasije wakamkatalia. Sasa unasemaje, mwanangu?"

Kwa desturi, msichana huinamisha kichwa tu, na kimya chake ndiyo jibu. Tabia aliijua vizuri desturi hiyo. Lakini alishamnyamazia Shaame usiku kucha, na kimya kilikuwa kimemchosha.

"Nimekubali, mama," akasema kwa sauti ya kufika mbali. "Namtaka."

"We mtoto huna haya!" Mama alisema, na tayari anacheka.

Kule sebuleni Mzee Silima akakohoa. "Tumesikia, mwanangu."